Saa Nane Usiku Mke Wangu Anamsubiri Nani?

Mpendwa Mama Martha, ukianza kusoma utasema huyu mtu mzima na ndevu zake analilia mchezo wa simu, lakini naomba usiniache njiani, soma mpaka mwisho halafu unisaidie, maana ndugu zangu wanasubiri neno langu na mimi neno lenyewe sina.

Kwetu ni Muleba, ila kwa sasa nipo Bariadi, nabeba marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na hii ni kazi ambayo ukitoka zamu hata kope zako zina pamba, ukikohoa unakohoa pamba, mgongo ndio usiseme. Shule niliishia njiani kwa hiyo sichagui kazi. Nyumbani nimemwacha mke wangu Harieth na binti yetu Judica, wanakaa kwa mama yangu mzazi, na mama ni mtu mwema lakini nyumba ni ndogo na ana masikio mazuri, nikipiga simu mke wangu anaongea kama anajibu mbele ya padri, ndiyo baba Judica, hapana baba Judica, mtoto hajambo, mvua imenyesha, basi. Neno la mume na mke halipo. Ukikata simu unabaki umeishika tu mkononi.

Ndiyo maana tukaanza drafti ya mtandaoni. Zamani tulipokuwa tunakaa wawili tulikuwa tunacheza kwenye kipande cha mbao, kwa vifuniko vya soda, na aliyeshindwa anaosha vyombo, nami niliosha sana. Sasa tukawa tunacheza kwenye simu, kila mtu na yake, kila siku saa mbili usiku mama akishaingia chumbani kwake na rozari. Chini ya ubao kuna sehemu ya kuandikiana, na pale mke wangu ni yule yule niliyemwoa, ananiandikia "leo unaliwa mpaka soksi", ananiandikia "Mhaya gani wewe umesahau kuringa", nami namwandikia mengine ambayo hapa gazetini siwezi kuyarudia. Kete yake ikichelewa kusogea najua kabisa ameshika kidevu na mguu mmoja kaupandisha kwenye stuli, namwona, Mama Martha, nipo kwenye chumba cha bati Bariadi lakini namwona. Huku tunakula ugali na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, watu wa huku ni wakarimu, sina neno nao, ila ile nusu saa ndiyo ilikuwa nyumbani kwangu.

Sasa mchezo umenigomea. Jioni moja nikafungua kama kawaida, kikazunguka kile kiduara, kikazunguka, halafu kikaandika imeshindikana kuunganisha, jaribu tena baadaye. Nikajaribu baadaye. Nikazima simu nikawasha, nikaongeza bando, nikahamisha laini, nikaenda kusimama kule getini ambako mtandao unashika vizuri mpaka mlinzi akaniuliza nachunguza nini. Nikaufuta mchezo nikaupakua upya, ukaniomba nenosiri, nikaandika jina la binti yetu kama siku zote, ukakataa vile vile, na hapo video zinafunguka, jumbe zinaingia, simu napiga napigiwa. Simu yenyewe haina kasoro, naitunza, hata saa yake niliinyoosha mwenyewe, maana ilikuwa inaonyesha saba wakati ni saa moja, wiki hiyo hiyo nikapiga hesabu vibaya nikachelewa zamu nikarudishwa getini, nikaiweka isome saa zetu na tangu hapo sijachelewa tena.

Nikamweleza mwenzangu Mashimba, mtu wa Sapiwi, tunalala chumba kimoja. Akacheka. Akasema, "Mhaya, hapo umefungiwa. Mwanamke akichoka anaanza kwenye simu, mlango wa nyumba unafuata."

Nikamwambia mke wangu si wa hivyo.

"Wote si wa hivyo," akasema, "mpaka wawe."

Mashimba naye anacheza drafti hiyo hiyo, kwa jina lake na kwenye simu yake. Asubuhi yake alipokwenda kuoga nikaichukua simu yake, nikafungua mchezo, ukafunguka bila tabu. Nikatafuta jina la mke wangu. Mama Martha, nilitamani nisingetafuta. Imeandikwa pale mara ya mwisho alionekana jana yake, nane na robo, na vile viherufi viwili vya usiku vipo pembeni, na mbele yake imeandikwa alikuwa akisubiri mpinzani. Saa nane usiku. Mtu mwenye mume anasubiri mpinzani gani saa nane usiku. Siku ya pili nikaangalia tena, nane na dakika tano, akisubiri. Siku ya tatu hivyo hivyo.

Nikampigia. Sikuuliza hata hali ya mtoto. Nikasema, "Mama Judica, saa nane usiku huwa unamsubiri nani?"

Akasema, "Saa nane ipi?"

"Unaijua mwenyewe. Huyo unayekesha naye akulishe basi."

Akasema polepole maana mama alikuwa karibu, "Baba Judica, saa nane mimi nimelala na mtoto wako amening'ang'ania shingoni. Kama umetuchoka, sema umetuchoka." Akakata. Tangu hapo nikipiga anapokea mama, anasema mwenzako yuko shambani, mwenzako anachota maji, na nyuma namsikia anakohoa.

Kaka yangu Gregory nimemweleza yote. Anasema nikitoa neno tu anaitisha kikao cha ukoo Jumapili na Harieth anarudishwa kwao Kamachumu, na mtoto anabaki kwetu. Nikifikiria kikao nashika kichwa. Nikifikiria saa nane nakishika tena. Kazini nimeangusha robota karibu liniue, msimamizi akaniuliza kama naumwa, nikasema naumwa, kwa sababu ndio ukweli. Sitaki kumrudisha, Mama Martha. Lakini sitaki kuwa mume wa kuchekwa. Nataka kujua kitu kimoja tu, huyu mwanamke bado ananitaka au hanitaki?

Ansbert, Bariadi

*

Ansbert, sijakucheka. Nimesikitika, halafu nimekasirika, na vyote viwili ni juu yako.

Tuanze na simu kwa sababu ndiyo inayokudanganya. Mtu akikufungia kwenye mchezo, mchezo wenyewe unafunguka, ila yeye humwoni. Wewe hata mlangoni hufiki. Na jina la mkeo ulilitafuta kwenye simu ya Mashimba ukalikuta wazi. Mke wako hana uwezo wa kuzuia simu yako isiingie kwenye mchezo, sawa na vile hana uwezo wa kuzima umeme wa kiwanda chenu. Mashimba aliyekuambia umefungiwa anajua kukufanya ushindwe kulala, basi, zaidi ya hapo hajui kitu.

Barua yako nimempelekea Kasmiri, fundi simu jirani na ofisi yetu. Aliposoma pale uliposema umeinyoosha saa, akaweka karatasi chini. Anasema michezo ya namna hii hukagua saa ya simu kabla ya kukuruhusu kuingia, na simu yako ikiwa nyuma yao kwa saa sita nzima, wanakukataa, hata ufute na kupakua mara mia. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, simu inahesabu kuanzia katikati ya usiku, na tangu tumeanza kushika simu kila mtu anasoma saba kichwani anajua ni saa moja. Wewe ulichoka kupiga hesabu ukaipindua saa yenyewe. Nakuelewa, uliogopa kurudishwa getini. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya tarehe na saa, chagua ijiweke yenyewe kwa mtandao, halafu usiiguse tena. Ukiogopa kuchelewa zamu, mwombe Mashimba akuamshe, angalau awe na faida.

Sasa kaa chini, ndugu yangu.

Simu ya Mashimba haijapinduliwa. Ile nane na robo uliyoiona kwake, yenye herufi za usiku, siyo saa nane yetu. Ni saa mbili na robo usiku. Ulikuwa umezoea simu yako inayosoma saa zetu, ukaisoma na ya mwenzako hivyo hivyo. Rudia mwenyewe taratibu. Saa mbili na robo, siku ya kwanza. Saa mbili na dakika tano, siku ya pili. Siku ya tatu vile vile. Mama yako ameingia na rozari yake, mtoto amelala, na mkeo amefungua ubao wa drafti na kukaa mbele yake peke yake, akisubiri mpinzani.

Umeniuliza alikuwa anamsubiri nani.

Na hukumwambia, Ansbert. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia mkeo kwamba mchezo umekugomea, sikupaona. Uliwaambia Mashimba, kaka yako, na sasa mimi na wasomaji wa nchi nzima. Yeye alijua tu kwamba mume wake ameacha kuja. Akaja jioni ya pili, hukuja. Ya tatu, hukuja. Halafu ukampigia simu ukamtukana. Alipokuambia saa nane amelala na mtoto shingoni alikuwa anakuambia ukweli mtupu, na ukweli huo uliupokea kama mtu anayepokea uongo. Kwa hiyo sasa anakohoa nyuma ya simu na kumwachia mama yako aongee. Ningekuwa mimi ningekohoa kwa sauti zaidi.

Kwanza mpigie Gregory leo hii umwambie hakuna kikao. Usimweleze sana, sema ulikosea. Kikao kikishakaa, hata kikigundua mke hana kosa kitatafuta jingine, maana watu wakishatoka majumbani kwao hawapendi kurudi bila hukumu, na Judica ndiye atakayelipia.

Halafu usikimbilie kwenye mchezo. Najua saa ikikaa sawa utafunguka na utamwona, na utatamani kumwandikia utani kana kwamba hakuna kilichotokea. Usithubutu. Mpigie mama yako kwanza, umwambie, "Mama, nimemkosea mwenzangu, naomba umpe simu na utoke nje kidogo." Utaona aibu. Vizuri, ione. Mama yako atatoka, nakuhakikishia, na pengine atakuwa amelisubiri neno hilo kuliko unavyodhani, kwa sababu anamwona mkamwana wake kila siku na wewe humwoni. Harieth akishika simu, usianze na saa wala mitambo. Anza na "nisamehe", halafu nyamaza mpaka aongee yeye, hata akichelewa.

Kisha mweleze mengine yote, hata yale ya kunyoosha saa. Akicheka, mwache acheke kwa muda wake. Na msimu wa pamba ukiisha, nenda ukawatafutie vyumba viwili mahali, Bariadi au Muleba, mtakapoelewana, kwa sababu nusu saa kwa siku chini ya ubao wa drafti ni kidogo mno kwa watu wanaopendana kama ninyi.

Kama bado anakutaka, jibu lake liko kwake, na mimi sitalitoa kwa niaba yake. Ila mwanamke aliyekuchoka angekuwa na kazi nyingine ya kufanya saa mbili usiku. Piga simu.

Mama Martha