Birika Ambalo Sikuwahi Kuligusa

Haya Mama, "mpishi wa karatasi" ndiye mimi, sibishi. Nimekosea. Lakini kunipigia kelele kabla hata sijanywa chai!

Maharage nimeyabandika. Maji yakipungua ongeza ya birika, ya moto. Chumvi usitie mpaka yaive.

Najua unacheka. Miaka yote nakuona unaongeza maji ya birika, nikadhani ni ya baridi, sikuwahi kuligusa. Nikaandika gazetini kwamba mama yangu huongeza maji baridi. Jirani kafuata, maharage yake yamegoma kuiva, asubuhi kaja kukusuta mlangoni. ~~Mwambie na yeye ana akili zake.~~ Mpelekee bakuli moja, mwambie namwomba radhi.

Nakwenda kwa mhariri kusema ukweli. Mimi si mwajiriwa, naandika makala moja moja. Akichukia, ukurasa wa mapishi sina tena, na tangu niache shule hii ndiyo kazi pekee niliyoipenda. Lakini siwezi kukuacha uonekane hujui kupika. Nitamwomba niandike upya, na kuanzia sasa, kama nilivyokuambia, wewe uwe unasoma kwanza.

Dada akirudi asiguse vitunguu nilivyokaanga, ni vya jioni. Namjua!

Nilipokuambia utakuwa unasoma kwanza ulisema, "Mimi? Mambo ya gazeti? Hebu nitokee hapa!" Ukabeba beseni la nguo, ukageuka upesi, ukaenda zako uani. Nilikuona, Mama. Beseni halikuwa na nguo hata moja.

Mwanao, mpishi wa karatasi