Taa ya Kule Alikoenda Musau

Ruiru, Jumatano

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Natumai barua hii imekukuta ukiwa mzima, na kwamba goti limepunguza kukusumbua tangu baridi ya huko kwenu Landless ianze. Sisi huku tuko salama. Mke wangu Beth anakusalimu sana. Bado anashona sare za shule. Najua dada yangu Wavinya ndiye anayekusomea. Wavinya, tafadhali soma yote, hata pale utakapoona uzito.

Utashangaa kusikia nimetengeneza ramani ya Kenya. Niliichora kwenye plaiwudi, nikatoboa shimo kwa kila uwanja wa ndege, nikaweka taa ndogo zilizofuatana kwenye waya mmoja kama shanga. Kuna kifaa kinachosoma kwa intaneti ripoti za hali ya hewa za viwanja hivyo. Kukiwa safi, taa inakuwa ya kijani. Mawingu yakishuka, nyekundu. Ukungu ukifunga kabisa, zambarau. Kisumu ikifunikwa na mawingu, naiona nikiwa sebuleni.

Waya ulipita pale kaskazini ambapo ndege iliyombeba ndugu yangu Musau na mizigo yake iligonga kilima, sasa ni mwaka wa tatu. Uwanja aliokuwa akienda ni wa vumbi tu, hautoi ripoti yoyote. Hapo niliacha taa moja, nikaipangia kwenye programu ikae giza.

Siku ya nne tangu niiwashe ramani, Beth alikuwa akipiga pasi akaniuliza ule ni mji gani. Ilikuwa saa tatu kasorobo asubuhi. Taa ya Musau ilikuwa imewaka kijani, na zote zilizoizunguka zilikuwa zambarau. Ilikaa kama dakika mbili, ikazimika. Kesho yake, saa ile ile, ikawaka tena. Nikaibadilisha. Nikabadilisha waya mzima. Ikawaka.

Nilimpelekea ramani hiyo Nicanor, fundi wa redio wa Kahawa Wendani. Alikaa nayo siku mbili, akairudisha mwenyewe ikiwa imefungwa kwa blanketi, na hakutaka chai. Alisema programu haitumi chochote kwa taa hiyo. Halafu akaniuliza ni nani aliyeambiwa kule kuko safi. Mimi sikuwa nimemtajia habari za Musau.

Mwaitu, sasa nakuambia. Asubuhi ile Musau alinipigia simu, saa tatu kasorobo, akiwa amesimama kando ya mizigo. Alisema rubani ana haraka, lakini yeye hapendi vile mawingu yamekaa. Aliniomba niangalie kwenye simu ripoti za viwanja vya karibu na kule. Kama ni mbaya, angengoja ndege ya kesho. Nilikuwa na mteja mbele yangu na TV yake imefunguliwa mezani. Sikuangalia. Nilimwambia, "Kuko safi. Wewe panda."

Akasema, "Sawa, Kyalo. Nikifika nitakupigia."

Kwenye matanga ulikuwa ukiuliza kila aliyeingia kama alizungumza naye asubuhi hiyo. Nilikuwa nimekaa karibu nawe, nikanyamaza.

Jana, saa tatu kasorobo, nilisimama mbele ya ubao nikayasema haya kwa sauti, Beth akisikia. Taa ikatoka kijani ikawa zambarau, ikazimika. Leo haikuwaka. Nilidhani nitapumua. Badala yake nilikaa nikiitazama mpaka chai ikapoa, nikajua bado sijamwambia yule aliyekuwa akiuliza.

Jumapili nitakuja baada ya kanisa. Kama hutaki kuniona, mwambie Wavinya aache geti likiwa limefungwa. Nitabisha mara moja tu, kisha nirudi Ruiru bila kelele.

Nisalimie jirani yako Wayua na wengine wote wa ploti. Mungu akutunze, uvae soksi nzito.

Ni mimi mwanao aliyebaki,
Kyalo