Ngozi Kumi na Tisa za Maige

Usagara, Misungwi
8 Machi 1998

Mjukuu wangu Odeta, mke mwenzangu,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Miaka miwili, Odeta! Ukija leo hata mbwa wa hapa nyumbani atakubwekea. Hao Waholanzi wamekufunga kamba mguuni? Barua unaandika, picha za theluji unatuma, lakini miguu yenyewe siioni. Haya, nimeshakugombeza. Sasa niambie, hujambo? Unakula? Kile kifua cha baridi kimepona? Sisi huku ni wazima. Goti langu la kushoto linasumbua mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua imenyesha kama iliyosahau kuacha, barabara ya mjini imekatika mara mbili. Mengine yote ni heri.

Anayeandika ni Getruda, yule aliyekuwa karani wa misheni. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno, maana akianza kunyoosha utadhani umeandikiwa na askofu.

Odeta, nina furaha hadi chakula hakipiti! Ile kasoro ya mashine yako nimeipata. Nimeipata mimi, nisiyejua hata kalamu inashikwa wapi. Lakini ngoja niende taratibu, usije ukaruka mistari.

Barua yako ya Januari nilisomewa mara tatu. Mara ya kwanza nililia. Unasema profesa wako amekupa hadi mwezi wa sita, kwamba kompyuta isiponyooka hiyo shahada ya udaktari huipati, utapewa cheti kidogo urudi nacho. Ukaandika kwamba umechoka, unafikiria kufunga mizigo uje ufundishe sekondari. Nani kakutuma? Miaka minne umekaa kwenye baridi kwa ajili ya ng'ombe wetu, halafu uwaache njiani? Tangu majosho yaachwe yakauke na bwana mifugo aache kupita, kila mtu ananunua dawa dukani kwa kukisia. Juzi tu jirani yangu kampa dume lake dawa ya minyoo, kumbe ni ndigana, ule ugonjwa wa kupe, lile dume tumelizika. Watu wanaisubiri hiyo mashine. Mimi ndiye niliyewaeleza kwamba ukiiambia ng'ombe ameanzaje, nayo inakuuliza kama bwana mifugo anavyouliza, halafu inakwambia ni ugonjwa gani na kama mnyama ni wa kuokoka au la. Sasa unataka niwaambie nini?

Mara ya tatu ya kusomewa ndipo nilipocheka. Uliandika kwamba profesa aliijaribu kwa ng'ombe arobaini ambao habari zao anazo, na zaidi ya nusu walikufa kweli, lakini mashine yako ikajibu kwamba wote arobaini watapona. Hata yule aliyetokwa na povu puani! Ikasema amechoka, apumzishwe kivulini. Nilicheka mpaka kitambaa kikanidondoka kichwani, Getruda akadhani nimepatwa na wazimu. Maneno hayo nayajua. Ni ya Maige, mdomo wake kabisa. Na wewe mwenyewe ulinieleza kwamba mashine haina akili ya kwake, inajua kile tu walichokwambia wafugaji. Basi nikajua haina kosa. Imedanganywa.

Kesho yake nikamchukua Getruda na madaftari matatu, tukaenda Kigongo, tukavuka na kivuko hadi Busisi, tukatembea mpaka kwa Maige, yule mzee uliyekaa kwake wiki nzima ukimuuliza maswali. Nikamwambia nataka aseme upya, na safari hii awataje waliokufa. Akakataa. Akasema mwaka ule mimi mwenyewe nilimfunga mdomo, leo nakuja kuuchokonoa, kwani yeye ni redio ya kuzimwa na kuwashwa? Nikamjibu kwamba redio ina nafuu, ukiipiga kofi inasema. Wake zake wakacheka, naye akacheka, akaagiza tuletewe maziwa. Hilo la kumfunga mdomo nitalifikia, usiwe na haraka.

Sasa, mfugaji humuulizi wamekufa wangapi. Atakutajia watatu ili umwondokee. Nikaomba anionyeshe ngozi. Zote, za kulalia, za kukalia, na zile zilizoviringishwa darini. Zikatandikwa uwanjani, kumi na tisa! Kila moja ilikuwa ng'ombe, na hakuna anayemchuna ng'ombe aliyepona. Tukasimama kwenye kila ngozi nikimuuliza huyu alianzaje, tezi ya chini ya sikio ilivimba lini, alikataa majani lini, povu lilitoka lini, akaanguka siku ya ngapi. Mzee yule anawakumbuka kama watoto wake. Yule mwekundu mwenye baka jeupe, siku ya kumi na moja. Yule mweusi wa mahari ya binti yake, siku ya nane, na ndama tumboni. Alipofika kwa huyo alikwenda kunawa uso, akarudi tukaendelea. Getruda vidole vilimvimba kwa kuandika.

Tulipomaliza nikaanza kujisifu, halafu moyo ukanishtuka. Ngozi ni za waliokufa tu! Nikikuletea hizo peke yake mashine yako itageuka mchawi, kila ng'ombe atakayetajwa itasema anakufa. Tukalala hapohapo, asubuhi tukaingia zizini kutafuta makovu. Unajua huku tezi ikivimba tunaichoma kwa chuma cha moto, kwa hiyo mwenye kovu na bado anakula, huyo aliugua akapona. Tuliwapata ishirini na watatu, nao tukawaandika vilevile, siku kwa siku. Tangu hapo nimezunguka kaya tisa, za huku na za ng'ambo, ngozi na makovu, ngozi na makovu, hadi watoto wakiniona wanakimbia kukunjua ngozi kabla sijakaa. Madaftari yamejaa. Yamo kwenye kifurushi hiki, chini ya karanga. Usile karanga kabla hujasoma.

Sasa nifike pale. Getruda ananitazama, anajua nimekuwa nikipazunguka barua nzima.

Ulipokuja kukusanya hizo habari, miezi miwili ilikuwa haijaisha tangu tumzike baba yako, Nestory wangu. Hukuyawahi mazishi. Ulifika umekonda, hulii, umeshika daftari tu, kutwa ng'ombe, ng'ombe. Niliogopa, Odeta. Nilisema moyoni kwamba mtoto huyu akisikia neno kufa mara moja zaidi atavunjika na mimi sitaweza kumuunga. Basi kila kaya uliyotaka kwenda, mimi nilitangulia siku moja kabla. Niliwaambia wote, Maige akiwa wa kwanza, kwamba yeyote atakayekutajia mnyama aliyekufa asinisalimie tena maishani. Wakakuonea huruma, wakanitii. Kila ng'ombe akawa amechoka, kila ng'ombe akawa atapona. Wewe ukaichukua huruma yao yote ukaenda kuiingiza kwenye mashine. Aliyekuharibia kazi ni mimi. Si wewe, wala akili yako haina tatizo. Mwambie profesa hivyo hivyo, umpe na jina langu, na kama anataka kugombana aje Usagara.

Na sikuishia kwa ng'ombe. Nilikwambia baba yako alilala jioni hakuamka, hakuumia. Si kweli. Aliugua siku kumi na sita, zote ninazo kichwani, na kuna siku alikuuliza. Nilikunyima hilo kwa kukupenda, lakini nilikunyima. Nisamehe, mama.

Shangazi zako wanakusalimu. Maige anakusalimu, anataka kujua mashine itasemaje kuhusu dume lake linalochechemea. Getruda anakusalimu pia, anasema mwandiko ni wake, ukali ni wangu. Vaa soksi mbili. Hiyo shahada uichukue, usimwachie mtu.

Mwezi wa sita ukipita na kazi ukaimaliza, uje. Ukija usianzie kwa shangazi, wala usianzie kaburini. Njoo moja kwa moja jikoni kwangu, na daftari, ukae kwenye kigoda, uniulize baba yako alianzaje. Siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho. Uniulize kama ulivyokuwa ukiwauliza wafugaji, usinionee huruma, nami nitakujibu yote.

Ni mimi bibi yako,
Justa