Wino kwenye Kidole cha Nzau

Jumatatu, 9 Juni
Leo Nzau alitakiwa kliniki, sindano ya miezi tisa. Sikumpeleka. Kiwandani ukikosa siku moja, kibarua chako anapewa mwingine. Nimerudi jioni, mama mkwe ananipokea kwa bashasha. Watu wa chanjo wamepita nyumba kwa nyumba hapa Majengo! Wamemtilia matone mdomoni, wakampaka wino kidoleni, na mlango wakauandika kwa chaki. Huyu ameshachanjwa, Mama Nzau, ukapange foleni tena ya nini? Nikamshukuru. Afadhali.

Alhamisi, 19 Juni
Nzau ana joto. Mama mkwe anasema ni meno.

Jumamosi, 21 Juni
Macho mekundu, kikohozi, kunyonya hataki. Bado Mama anang'ang'ania meno. Nimemjibu vibaya, akanuna. Nami nimenuna — chumba kimoja, wanawake wawili. Ruqiyo wa mlango wa pili alimchukua Nzau ili nifue. Akamlaza kitandani pamoja na Iqra wake wa miezi mitano. Jirani kama huyu utampata wapi?

Jumatatu, 23 Juni
Surua. Leo asubuhi vipele vilitokeza nyuma ya masikio, sasa vimejaa uso mzima. Hospitalini nikamwonyesha nesi kidole cha mtoto, mjinga mimi. Matone yale ni ya polio tu, akasema. Polio ina chanjo yake, kifua kikuu yake, pepopunda yake. Surua nayo ina sindano yake, ndiyo ile ya miezi tisa. Alisema polepole, kwa upole. Heri angenigombeza.

Wamemlaza, kifua kimeshikwa. Anapumua kwa shida, mbavu zinaonekana. Mume wangu yuko safarini na lori, simu haingii. Mama mkwe amebaki na Nzau wodini. Namkasirikia, kisha namhurumia. Alipenda mjukuu wake asiteseke foleni, basi. Na mimi nilitaka kuamini.

Nimekuja nyumbani kuchukua nguo na shuka. Naandika nimesimama. Nesi aliuliza kama Nzau amekaa na mtoto mwingine. Nikasema ndiyo, wa miezi mitano. Akaacha kuandika. Huyo bado ni mdogo kwa sindano ya surua, akasema, na huenda ameshaambukizwa; mamake aambiwe leo hii.

Ruqiyo anabisha. Amesikia tumelazwa, ameleta chai kwenye thamosi. Mama Nzau, fungua, mtoto anaendeleaje? Namsikia Iqra akicheka mgongoni mwake.

Nimemwambia angoje kidogo, navaa.