Aabo, Nimesimama Mahali Pako Sokoni

Aabo,

Amani iwe juu yako, baba yangu, na juu ya jirani zako wote waliolala nawe huko makaburini.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyojifunza kwa kuuza ngamia. Kisomali kingenitaka nichague: wiil au gabar, mvulana au msichana. Wewe hukuwahi kunichagulia. Hata katikati ya Kisomali chako uliniita "mwanangu", basi.

Unamkumbuka yule mnunuzi wa Takaba? Nilikuwa nimesuka nywele, na kiunoni nimefunga macawis yako, ile shuka ya wanaume, nimeikunja isiburuzike chini. Akakuuliza mimi ni wa kiume au wa kike. Ukamjibu bila kumtazama, "Huyu ni wangu. Umekuja kununua ngamia au mtoto?" Wenzake wakacheka, naye akanunua ngamia. Mimi niliyashika maneno yale, na ndiyo niliyoishi nayo.

Sasa nikueleze yaliyonipata. Hooyo, mama yangu, alikuwa bado yumo edani baada ya kukuzika, Adeer Bashir, ndugu yako, alipokuja kuniambia nikae nyumbani. "Baba yako alikudekeza," akasema. "Soko la mifugo si mahali pako. Kwanza jijue wewe ni nani." Aabo, mimi najijua. Ndani yangu mna mwanamume na mna mwanamke. Wamekaa pamoja tangu nizaliwe na hawajawahi kugombana. Wanaogombana ni watu wa nje.

Jumatano nikaenda sokoni. Madalali wenzako walinipa pole, wakakuombea dua, wakanipa na kiti. Ilipofika biashara, hakuna aliyeninyooshea mkono. Si unajua, bei yetu haitamkwi. Hupitishwa kwa vidole chini ya shali ili wanaotazama wasiijue. Wakasema mkono wa binti haushikwi na mwanamume asiye maharimu wake. Nikaenda upande wa wanawake wauza mbuzi, nikakaa chini nikalia mbele yao. Nilikulilia wewe, nikajililia na mimi.

Halima, yule aliyekuwa akikuwekea maziwa, aliniacha nilie mpaka nikachoka. Kisha akasema, "Mbuzi wetu wanauzwa chini ya shali na mikono yetu haiingii humo. Tunaambiwa bei, tunaitikia tu. Wewe unajua vidole vyao na unajua shida zetu. Inuka." Akavua glavu zake nyeusi, zile anazovaa pamoja na nikabu, akanivisha mwenyewe.

Nikarudi kwa wanaume. Kofia yako kichwani, macawis kiunoni, glavu za Halima mikononi, na nyuma yangu wanawake na mbuzi wao. Halima akawaambia kwamba mbuzi hawa watauzwa na mimi, Hamdi, la sivyo watarudi nyumbani. Lori la mnunuzi wa Nairobi lilikuwa limeshafunguliwa, linangoja mzigo. Mwenye lori akazitazama glavu, akawatazama mbuzi. Akalitoa shali begani, akanipa mkono.

Ulinifundisha nyuma ya lori tukirudi kutoka Dadaab, shali likiwa juu ya magoti yetu. "Macho yaende kwingine, mkono ndio uongee." Basi macho nikayapeleka kwa ngamia wa watu, mkono ukaongea. Akabana, nikabana. Akataka kujitoa, nikamwacha, akarudi mwenyewe. Tulipomaliza nilimweleza Halima bei yenyewe, ile ile tuliyokubaliana chini ya shali, bila kupunguza hata shilingi. Wanawake wakapiga vigelegele katikati ya soko la mifugo, Aabo, mbuzi wakashtuka wakatawanyika, ikawa kazi kuwakusanya.

Tangu siku hiyo nina kazi. Wanawake huniletea mbuzi, na wanaume nao wameanza kuniletea ngamia. Wapo wanaonisema bado. Wananisema, kisha wananipa ngamia niwauzie. Kwenye arusi ya binti wa Adeer, asubuhi nilichinja pamoja na wanaume, alasiri nikaenda kuimba buraanbur, mashairi ya wanawake, pamoja nao, hina mikononi, nikamtungia bibi arusi beti zangu mwenyewe. Hakuna aliyenifukuza kokote. Hooyo alikuwa akinitazama, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Natamani ungeuona uso wake.

Na juzi Adeer alifika sokoni akimvuta ngamia wake jike, yule mweupe anayempenda. Alisimama kando kwa kitambo, kama mtu aliyesahau alichofuata. Halafu akanipa kamba. "Muuze," akasema. Alipokwisha kugeuka ndipo akaongeza, "Wewe ndiye dalali wa nyumba yetu." Nikaikaza kamba mkononi. Mnunuzi alikuwa anakuja.

Lala salama, Aabo. Mungu akupanulie kaburi lako. Hooyo nitamtunza. Nami nakuahidi nitabaki mzima hivi hivi, sitajikata nusu ili mtu apate kunielewa. Wanawake wa upande ule wa mbuzi wameniomba niwafundishe vidole, na tayari wameshaanza kushona glavu. Jumatano naanza na Halima.

Hamdi