Swala kwa Ajili ya Neema

Dada Neema,

Nikianza na kulia sitamaliza, kwa hiyo naanza na Daktari. Shuleni naandika Kiingereza na Kizulu, ila dharau yangu kwa huyu mtu inatoka vizuri kwa Kiswahili tu.

Siku ya mazishi yako, Daktari wa kikundi chenu cha kamera alisimama mbele ya Wakenya wote wa Durban akasema yeye ndiye aliyekufundisha kushika kamera. Yeye! Mwenye lenzi ndefu kama bomba la choo na picha zisizo na kitu. Aliyekuwa akikuita "kasichana ka seloteipu" kwa sababu kamera yako ilikuwa imefungwafungwa. Mama akamshukuru. Mimi nikanyamaza. Unanijua: hata kwenye teksi, matatu za huku, naona aibu kumwambia dereva nashuka, nasubiri robot, taa ya barabarani, iwe nyekundu ndipo niruke.

Basi akaandaa safari ya kukukumbuka, kupiga picha za swala pala kule mbugani kwetu. Picha bora itundikwe ukumbini kanisani, na jina lako chini yake. Nilijua ataichagua ya kwake. Akachapisha na fulana: SWALA KWA AJILI YA NEEMA. Mama Zuhura, jirani yetu Mtanzania, alipoiona akamshika Mama mkono taratibu: "Mama Neema, kumbe binti alisilimu?"

Eish! Digrii zote zile, na hakuna aliyejua kwamba neno hilo ni sala ya Waislamu pia. Wewe ulijua. Alfajiri ulikuwa unamwambia Mama, "Tunaenda swala," kisha unanikonyeza.

Mbugani hawakutulia. Daktari alipiga miluzi, akapiga makofi, eti dume ageuke. Wewe ulinifundisha: "Usimwite. Kaa chini, atakusahau." Nikakaa peke yangu nyasini, kamera yako mapajani. Ni msimu wao wa kupandana. Madume wamekonda kwa kufukuzana, hawali, hawalali. Mmoja akatoka kichakani nyuma ya kikundi, akanguruma.

Unaikumbuka sauti ile? Mara ya kwanza nilikung'ang'ania sketi nikidhani ni chui. Ukacheka: "Ni mlevi wa mapenzi tu, anakoroma."

"Simba! Ingieni gari!" Daktari alipiga yowe, akawa wa kwanza kukimbia. Hata mkewe alipigwa kumbo naye. Simba, Durban! Kofia chini, bomba lake la lenzi likimgonga tumbo.

Ningeweza kuwaambia. Nilinyamaza, na kwa mara ya kwanza haikuwa aibu. Nilipiga picha.

Imetoka safi, Dada. Upande mmoja dume, shingo imenyooka, mdomo wazi, hana habari na mtu, anamtaka jike wake. Upande wa pili matako ya Daktari yakiingia garini, na mgongoni mwa fulana yake jina lako linasomeka.

Jumapili wanachagua. Nitasimama mbele yao wote niitoe, niseme, "Hii ni kazi ya Neema. Aliyenifundisha ni yeye, na yeye alijifundisha mwenyewe." Aibu itanishika. Inishike.

Lala sasa, dada yangu. Kamera nimeibadilishia seloteipu. Kesho alfajiri Mama akiniuliza naenda wapi, nitamwambia naenda swala.

Mdogo wako