iPhone ya Kwanza, Bado Kwenye Nailoni

Jumapili, 3 Agosti 2025

Nimeenda nyumbani kule Bahati kumwona Mama. Goti limevimba tena. Ibada ameisikiliza kwa redio — yeye, ambaye hakosi kanisa hata mvua ikinyesha! Daktari alishasema ni upasuaji. Tukasema tutaona pesa zikipatikana. Bado tunaona.

Nikamfutia kabati vumbi. Vikombe vya wageni, saa iliyokufa, na sanduku la simu aliyotuma kaka yangu Kiptum kutoka Amerika, 2008. Bado liko kwenye nailoni ya dukani. Kwa Mama kila kitu kizuri huishi kwenye nailoni. Hata rimoti ya TV haijawahi kupumua. Lakini hii ina sababu. Kiptum alimwambia asifungue, atakuja kumfundisha mwenyewe. Hakuja. Halafu namba yake ikawa haipatikani. Miaka sasa.

Nimepiga sanduku picha. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwonyesha Zayed ile picha. Ana duka la simu mjini na anakusanya za zamani. Ameikuza picha kwa vidole. Kisha akaanza: hiyo ni iPhone ya kwanza kabisa, ya 2007, na huku haikuuzwa. Wakati huo sisi tuko na za vibonyezo, tunacheza ule mchezo wa nyoka. Wengi tuligusa simu ya kioo mara ya kwanza miaka kadhaa baadaye, ile Ideos ya bei nafuu ilipokuja. Kama haijafunguliwa, anasema, kuna watu ng'ambo watainunua kwa bei ya gari.

Na ikifunguliwa? Akacheka. Basi ni simu kuukuu kama zangu hizi. Thamani iko kwenye nailoni.

Goti la Mama liko kwenye nailoni! Nimerudi kazini salon, mtaani Kaptembwo, nikasuka watu huku nacheka peke yangu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimempigia Mama tuiuze ile simu, ilipie goti. Amekataa. "Hiyo ni ya Kiptum." Nimekasirika, nikamuuliza huyo Kiptum yuko wapi. Amekata simu.

Nimejisikia vibaya siku nzima. Anamngoja. Mimi pia namngoja, ila kwa hasira.

Alhamisi, 7 Agosti

Amepiga mwenyewe! Sawa, huyo kijana wa simu aje Jumamosi. Akauliza tu kama mtu akiuza simu, namba huachwa ndani. Nina mteja kwenye draya ya nywele, nikajibu mbiombio: hapana Mama, mtu hutoa namba zake kwanza.

"Haya, nimesikia."

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika jikoni kwa Mama. Chai iko motoni.

Mimi na Zayed tumemkuta Mama amevaa nguo ya kanisa. Mezani, sanduku wazi. Kisu cha mboga. Nailoni ameikunja vizuri kando. Simu anayo mkononi, mpya hadi inang'aa.

"Mama! Umefanya nini?"

"Si ulisema mtu atoe namba zake kwanza? Ya Kiptum inayopatikana iko humu. Yeye ndiye alinunua, hawezi nitumia simu haina namba yake. Nimefinya, imekataa kuwaka. Huyu kijana anisaidie nitoe hiyo moja tu, halafu aende nayo."

Kumbe miaka yote hii aliamini namba imo! Na bado hakufungua, maana kufungua ni kukubali kwamba haji.

Zayed ameitazama nailoni. Hakutaja bei. Amevuta kiti karibu na Mama. "Mathe, hizi zikikaa huisha charge. Wacha niiwekee kidogo." Akatoa waya wake wa zamani, ule wa kichwa kipana. Mimi nikaja jikoni kuweka chai.

Kisha amenifuata huku. Kwa sauti ya chini: ikiwaka itataka tu kuunganishwa na kompyuta. Haina namba ya mtu yeyote, haijawahi kushikwa. Atamwambia yeye, ama nitamwambia mimi?

Nimekoroga chai. Amerudi kukaa na Mama.

Nawaona kupitia mlangoni. Mama amegeuza kitabu chake cha nyimbo, jalada la nyuma, kalamu tayari. Zayed anatazama sakafu.

Imewaka! Mama amepiga makofi, amesahau goti, amesimama bila fimbo.

"Jerotich! Wachana na chai. Macho yangu haifikii. Njoo unisomee namba ya Kiptum, mimi naandika."